Merensky na mpaka wa Mto Mbaka

Jumapili ya leo nakuomba tusafiri pamoja hadi Kyela, kisha tutoke mjini tushike njia ya Ipinda kwenda Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Kulia na kushoto ni mpunga, migomba, kakao na michikichi. Mbele yetu Milima ya Livingstone imesimama kama ukuta, na kadiri unavyoikaribia ndivyo unavyojiona mdogo. Kabla hujafika Matema utavuka Mto Mbaka. Dereva hatapunguza mwendo kukuonyesha, na abiria wenzako hawatakuambia neno. Mto ni mto tu, na Kyela ina mito mingi: Songwe, Kiwira, Mbaka, Lufilyo.

Lakini Mbaka uliwahi kuwa mpaka, na haukuwa mpaka wa serikali. Ulikuwa mpaka wa wahubiri wa Injili. Magharibi yake walifanya kazi Wamoravian, na mashariki yake Walutheri wa Misheni ya Berlin. Ndiyo maana hata leo ukitaja Ipyana, mtu wa Kyela anafikiri kwanza Kanisa la Moravian, na ukitaja Matema anafikiri KKKT. Watu wamezaliwa, wamebatizwa na kuzikwa ndani ya mpaka huo bila kuuliza uliwekwa na nani.

Mmoja wa waliouweka na kuuheshimu ni Alexander Merensky. Nimeona nikusimulie maisha yake, kwa sababu suala la mpaka wa ardhi lilimfuata mtu huyu tangu ujana hadi uzee wake. Mara moja alilitendea vema, na mara nyingine, kwa maoni yangu, alilitendea vibaya sana. Weka Biblia yako karibu. Tutaifungua mara kadhaa.

Merensky alizaliwa tarehe 8 Juni 1837 katika kijiji cha Panten, karibu na mji wa Liegnitz, katika jimbo la Silesia. Wakati ule lilikuwa eneo la Prussia. Leo liko Poland, na mji wenyewe unaitwa Legnica. Unaona tulivyoanza? Hata mahali alipozaliwa mpaka ulikuja kuhamishwa. Aliachwa yatima akiwa bado mdogo. Ulitaje neno yatima ukiwa na Biblia mkononi, na utajikuta umefika Mithali 23, mstari wa 10 na wa 11. Pale mwenye hekima anaonya watu wasiingie katika mashamba ya yatima wala kuondoa alama ya zamani, kwa kuwa yatima anaye Mkombozi mwenye nguvu atakayemtetea mwenyewe. Ni onyo la mtu anayejua vijiji. Mwenye baba na kaka sita hakuna anayemsogezea mpaka usiku. Anayesogezewa ni mjane na mtoto aliyebaki peke yake, na kwa hiyo Mungu anajitaja kuwa ndiye ndugu yao mkubwa.

Kijana huyo akaingia chuo cha Misheni ya Berlin, na mwaka 1859 akafika Afrika Kusini pamoja na mwenzake Heinrich Grützner. Baada ya kuhangaika huku na huko waliingia katika nchi ya Wapedi, iliyotawaliwa na mfalme Sekwati. Sekwati alifariki mwaka 1861, na mwanawe Sekhukhune akashika kiti. Mwanzoni Sekhukhune aliwavumilia wamisionari. Baadaye akaona kwamba watu waliobatizwa walikuwa na bwana mwingine, akaanza kuwatesa. Mwaka 1864 Merensky alikimbia usiku pamoja na familia yake na waumini wake, wakaingia eneo la Makaburu wa Transvaal. Mapema mwaka 1865 alinunua shamba karibu na Middelburg akafungua kituo alichokiita Botshabelo, maana yake mahali pa kukimbilia.

Hebu tusimame hapo kidogo. Wakimbizi wamepata pa kuweka vichwa vyao. Wanajenga kanisa, shule, karakana, kinu. Yeye Merensky, ambaye pia alipenda sana jiografia, alishirikiana na Friedrich Jeppe kutoa ramani ya Transvaal mwaka 1868. Ni yeye pia aliyemwambia mpelelezi Karl Mauch habari za magofu ya mawe kaskazini mwa Mto Limpopo, na Mauch akaenda akayafikia mwaka 1871. Leo tunayaita Zimbabwe Kuu. Alikuwa mtu wa aina hiyo: mchana anahubiri na kutibu wagonjwa, jioni anachora mito na milima kwenye karatasi.

Sasa shamba la Botshabelo lilikuwa la nani? Kwa hati, lilikuwa la misheni. Waumini waliishi humo kwa ruhusa, chini ya kanuni za misheni na sheria za Makaburu. Miongoni mwao alikuwemo Johannes Dinkwanyane, ndugu wa Sekhukhune kwa baba, mtu wa ukoo wa kifalme aliyeacha heshima yote ya nyumbani kwa ajili ya Kristo. Dinkwanyane alikuja kuchoka. Alikuwa amekimbia ukali wa ndugu yake, akajikuta ni mpangaji katika nchi ya wazee wake. Mwaka 1873 aliondoka Botshabelo na mamia ya Wakristo wenzake, wakajenga makao yao mahali panapoitwa Mafolofolo, karibu na Lydenburg. Hawakuacha imani. Waliendelea kusali na kusoma Neno. Walichokataa ni kuishi bila mahali pao wenyewe. Makaburu walipodai ardhi ile, Dinkwanyane aliwaandikia barua akisema waziwazi kwamba ardhi ni ya watu wake na wao ndio walioichukua. Mwaka 1876 vita ikazuka, Mafolofolo ikashambuliwa, naye Dinkwanyane akajeruhiwa, akafa.

Nimewahi kusikia wahubiri wakimtaja Merensky kama shujaa wa Botshabelo bila kumtaja Dinkwanyane. Sidhani kama ni haki. Tazama sheria ilivyo katika Mambo ya Walawi 25, mstari wa 23: nchi ni ya Bwana, na watu wote ni wageni na wapitaji kwake. Hapo hakuna mwenye shamba na mpangaji. Wote ni wapangaji wa Mungu mmoja. Na tazama kabila la Lawi. Walipewa miji ya kukaa na malisho ya kuizunguka, lakini hawakupewa urithi wa nchi kama ndugu zao, kwa sababu ukuhani wa Bwana ndio uliokuwa urithi wao. Ndivyo Yoshua 18, mstari wa 7, inavyosema. Mtumishi wa madhabahu anapogeuka kuwa mwenye ardhi, na kondoo wake wanakuwa watu wa kufanya kazi ndani ya ardhi yake, jambo limeharibika hata kama nyimbo bado zinaimbwa vizuri.

Mwaka 1882 Merensky aliondoka Transvaal akarudi Ujerumani. Miaka michache baadaye Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilitangaza shindano la insha kuhusu namna bora ya kumfundisha Mwafrika kufanya kazi ya mashambani, maana yake mashamba ya kampuni. Merensky akaandika, akapata tuzo, na insha yake ikachapishwa mwaka 1886. Nakueleza hili, mpendwa, ili usije ukadhani nakusimulia habari za malaika. Huyu ndiye mtu atakayekuja Kyela.

Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilisaini mkataba uliogawa maeneo yao katika Afrika Mashariki. Kwa upande wetu wa kusini-magharibi mstari ulifuata ufuko wa Ziwa Nyasa hadi mdomo wa Mto Songwe, kisha ukapanda na mto huo. Hakuna Mnyakyusa aliyeulizwa, wala Mngonde ng'ambo ya Songwe, ingawa ni watu wa lugha moja wanaoelewana bila mkalimani na wanaozikana. Mwaka uliofuata, 1891, Merensky akiwa na umri wa miaka 54 aliongoza msafara wa Misheni ya Berlin kwa njia ya Mto Zambezi, Mto Shire na Ziwa Nyasa, hadi pwani ya kaskazini. Carl Nauhaus na Christian Schumann walikuwa miongoni mwa wenzake. Serikali ya Kijerumani ilikuwa bado haijajenga kituo chochote huku. Langenburg ya kwanza, pale ziwani, ilijengwa mwaka 1893. Kwa hiyo hawakuja nyuma ya askari. Walikuja wakawaomba machifu wa Kinyakyusa mahali pa kukaa, na wakapewa.

Oktoba 1891 walianza kituo chao cha kwanza katika mwinuko unaoitwa Pipagika, wakakipa jina la mkurugenzi wao huko Berlin: Wangemannshöhe, yaani kilima cha Wangemann. Baadaye vikafuata Manow mwaka 1892, kisha Mwakaleli na Ikombe mwaka 1893. Ikombe iko hapo hapo ufukweni, jirani na Matema.

Kumbe hawakuwa peke yao. Mwaka ule ule Wamoravian nao walikuwa wameingia. Walitoka Ujerumani wanne. Mmoja, Georg Martin, alifariki kwa homa kabla hawajapata makao, na watatu waliobaki, Theodor Meyer, Theophil Richard na Johannes Häfner, wakaanza kazi chini ya Mlima Rungwe. Hebu fikiria hali ilivyokuwa. Makundi mawili ya Wajerumani, yote ya Kiprotestanti, yote yakitafuta nchi yenye watu wengi na hali ya hewa ya baridi, yameingia mwaka mmoja katika nchi moja ndogo yenye rutuba. Wewe na mimi tumeona makanisa yakigombania kiwanja kimoja cha mtaa. Tumeona spika mbili zikielekezana. Unajua nini kingeweza kutokea.

Hawakugombana. Jumuiya hizo mbili zilikubaliana kugawana eneo, na Mto Mbaka ukawa mpaka. Wamoravian walibaki magharibi, na vituo vyao vya Rungwe, Rutengano na Ipyana vikakua huko. Ipyana ilianzishwa mwaka 1894, kwenye tambarare ya Kyela, na neno lenyewe kwa Kinyakyusa ni neema. Waberlin walibaki mashariki, wakapanda baadaye kwenye nchi ya Wakinga na Wabena. Merensky, mchora ramani, mtu aliyetangulia kufahamiana na Afrika kuliko wenzake wote kwa miaka zaidi ya 30, alikubali kwamba kuna upande wa mto ambao si wake.

Hapo naomba ufungue Kumbukumbu la Torati, sura ya 2. Wana wa Israeli wako njiani kwenda Kanaani, wanapita karibu na nchi za majirani. Mara tatu Bwana anawasimamisha. Nchi ya Seiri amewapa wana wa Esau. Nchi ya Moabu amewapa wana wa Lutu. Nchi ya Amoni vilevile. Kwa Esau anasema hata pa kukanyaga wayo wa mguu hawatapewa. Tumezoea kusoma agano kana kwamba Mungu aliwaambia Israeli tu kuhusu ardhi yao. Sura hii inaonyesha kwamba Mungu yule yule ana habari za shamba la jirani, na ahadi yake kwa jirani inakubana wewe. Uaminifu wake kwangu unaonekana katika kile alichonipa. Uaminifu wake kwa mwenzangu unaonekana katika kile alichonikataza.

Ndivyo sheria za mipaka zilivyo karibu zote. Kumbukumbu la Torati 19:14 haimwambii mtu alinde mpaka wake. Inamwambia asiondoe wa jirani. Katika sura ya 27 ya kitabu hicho, laana inatamkwa juu ya anayesogeza mpaka, na watu wote wanaitikia Amina, kwa sababu ni dhambi inayofanyika gizani ambayo mara nyingi haina shahidi. Ayubu, katika sura ya 24, akitaka kuonyesha kwamba dunia imeharibika, anaanza na waondoao alama za mipaka. Hosea akitafuta mfano wa kuwafananisha wakuu wa Yuda anachagua huo huo. Na Nabothi wa Yezreeli alikufa kwa sababu mfalme alitaka bustani ya mboga.

Wanaokaa Kyela watanielewa haraka. Mvua za masika zikishuka, mito inafurika, majaruba yanakuwa ziwa moja, na maji yakipungua matuta yaliyotenganisha shamba na shamba yamekwenda na maji. Asubuhi hiyo mnakutana wawili tu, wewe na jirani yako, na mpaka uko mahali pamoja tu: moyoni mwenu. Ukisema tuta lilikuwa hatua mbili huko, nani atabisha? Mabaraza ya ardhi ya kata yamejaa kesi za hatua mbili.

Lakini tusimsifu Merensky kupita kiasi. Mpaka wa Mbaka ulikuwa na kasoro kubwa, nayo ni hii: waligawana wahubiri, wakawagawa na waumini bila kuwauliza. Mtoto wa magharibi ya mto alizaliwa Mmoravian na mtoto wa mashariki Mlutheri, hata kama mama zao walikuwa ndugu wa tumbo moja. Kijana aliyeoa ng'ambo alioa katika kanisa jingine, lenye desturi nyingine. Ng'ombe wa mahari walivuka Mbaka, misiba ilivuka Mbaka, lakini daftari la ushirika liliishia ukingoni.

Na wenyeji walikuwa na namna yao ya kushughulika na ardhi, ambayo wageni hawakuielewa upesi. Wanyakyusa wa zamani waliishi katika vijiji vya rika. Vijana wa umri mmoja walijenga pamoja, kando na baba zao. Ulipofika wakati wao wa kushika nchi, ilifanyika sherehe kubwa iitwayo ubusoka. Utawala wa chifu uligawanywa kwa wanawe wakubwa, miti ikapandwa, vijiji vikapangwa upya, na kizazi cha wazee kikaachia nafasi. Kwao mpaka haukuwa jiwe la milele. Ulikuwa jambo la kizazi, linalopaswa kufanywa upya mbele ya watu wote. Nikisoma habari za ubusoka nakumbuka mwaka wa Yubile, ule wa 50, ambapo tarumbeta ilipigwa na kila mtu akarudi katika milki yake. Si kitu kimoja, najua. Yubile ilirudisha ardhi kwa ukoo wa kwanza, na ubusoka iliipeleka kwa kizazi kipya. Hata hivyo vyote viwili vilikataa wazo kwamba aliyeshika ardhi kwa nguvu leo ataishika daima. Merensky, aliyekuwa ametoka Botshabelo na hati yake, angeweza kujifunza kitu kwa wazee wa Unyakyusa.

Ipo sura moja ya Biblia ambayo kila nikiisoma naiona Mbaka. Ni Yoshua 22. Nchi imekwisha kugawanywa. Sura nyingi zimetangulia za majina ya vilima, visima na mito, zile ambazo sisi huruka tukisoma Biblia kwa mwaka mmoja. Mwisho wa orodha ndefu ile, mwishoni mwa sura ya 21, mwandishi anatangaza kwamba hakuna neno jema lolote Bwana alilowaahidi Israeli ambalo halikutimia. Kwa hiyo zile orodha ni ushahidi. Mungu aliahidi, na huyu hapa Yuda na mpaka wake, huyu hapa Benyamini na wake, hata binti watano wa Selofehadi, waliokuwa hawana kaka, wamepata fungu lao. Mtu akikuahidi shamba kisha asikuonyeshe mwanzo na mwisho wake, bado hajakupa kitu. Bwana aliwaonyesha mwanzo na mwisho.

Mara baada ya hapo makabila mawili na nusu, Reubeni, Gadi na nusu ya Manase, wanarudi kwao mashariki ya Yordani. Wakifika mtoni wanajenga madhabahu kubwa. Ndugu zao wa magharibi wanaposikia wanakusanyika Shilo tayari kwa vita, wakidhani wenzao wameasi. Wanatumwa Finehasi na wakuu kumi kwenda kuuliza kwanza. Na angalia neno ambalo wajumbe wanalisema kabla hawajasikia jibu: kama nchi yenu ni najisi, vukeni mje mpate milki katikati yetu. Watu waliokuja na mikuki wanatoa sehemu ya ardhi yao wenyewe!

Jibu la watu wa mashariki linagusa. Wanasema hawakujenga madhabahu ile kwa sadaka. Wamejenga kwa hofu ya siku zijazo. Wanaogopa kwamba iko siku watoto wa magharibi watawaambia watoto wa mashariki kuwa Yordani ni mpaka uliowekwa na Bwana, kwa hiyo ninyi wa ng'ambo hamna sehemu kwake. Madhabahu ile ni shahidi tu, ili mto usije ukageuzwa kuwa mpaka wa Mungu. Finehasi akaridhika, vita ikaisha.

Ona hofu ile ilivyokuwa ya kweli. Mpaka wa haki, uliogawanywa vizuri, mbele za Bwana, unaweza baada ya vizazi viwili kufanywa sababu ya kumkana ndugu.

Merensky hakukaa kuyaona hayo. Mwaka 1892 aliondoka Nyasa, akawaachia kazi akina Nauhaus na Schumann, na mwaka 1894 akachapisha kitabu chake kuhusu kazi ya Wajerumani huku ziwani. Hakurudi kuishi Afrika tena. Mwanawe Hans, aliyezaliwa Botshabelo mwaka 1871, akawa mtaalamu wa miamba, na mwaka 1924 akagundua mkanda mkubwa wa madini ya platinamu katika wilaya ya Lydenburg, wilaya ile ile ambako Dinkwanyane alidai ardhi ya watu wake na kuuawa. Mkanda huo unaitwa kwa jina la Merensky mpaka leo. Kuhusu Dinkwanyane hakuna mkanda.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoingia huku, mwaka 1916 Waingereza waliteka eneo la kaskazini mwa ziwa, na wamisionari wa Kijerumani wa pande zote mbili za Mbaka wakakamatwa na kuondolewa. Vituo vikabaki na waalimu na wazee wa kanisa wenyeji. Kutoka ng'ambo ya Songwe, Waskoti wa Livingstonia walikuja kuwasaidia, wakahudumia magharibi na mashariki kwa pamoja, Ipyana na Manow, Rungwe na Mwakaleli, mpaka Wajerumani waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Yaani kwa karibu miaka 10 Mbaka ulikuwa mto tu. Merensky alifariki Berlin tarehe 22 Mei 1918, akiwa na umri wa karibu miaka 81, vita ikiwa bado haijaisha.

Mipaka mingine ya wakati wake haijatulia. Mto Songwe ukifika tambarare unahamahama kwa mafuriko, na mkulima anaweza kulala Tanzania shamba lake likaamka Malawi. Serikali hizo mbili zimekuwa zikishirikiana kwa miaka mingi kutafuta namna ya kuutuliza. Ziwani ni vigumu zaidi. Malawi inashika maneno ya mkataba wa 1890, yanayofuata ufuko. Tanzania inasema mpaka ni katikati ya maji. Kwa tafsiri ya kwanza mvuvi wa Matema akiloweka miguu yake tu amekwisha kuvuka nchi, na viongozi wastaafu wa Afrika chini ya Joaquim Chissano walipewa kazi ya kusuluhisha. Yeremia, sura ya 5, anasema Bwana ndiye aliyeweka mchanga kuwa mpaka wa bahari, mawimbi yaurukie lakini yasiushinde. Mchanga wa Matema bado upo. Wavuvi wa ng'ambo zote mbili wanautegemea ziwa lile lile, na usiku taa za mitumbwi yao hazionyeshi nani ni wa wapi.

Na Mbaka? Ukiuliza leo makao ya Dayosisi ya Konde ya KKKT, kanisa lililozaliwa na kazi ya akina Merensky, utaelekezwa Tukuyu, upande wa magharibi wa mto, ambao kwa mapatano yale ulikuwa wa Wamoravian. Makanisa yote mawili yamo katika Jumuiya ya Kikristo Tanzania. Leo mchana ukipata nafasi soma Yoshua 22 yote, si mistari michache, na kama unaishi Kyela, isome kwa sauti ukiwa na mtu wa ng'ambo.